Breki ya Mkono wa Kulia

Kwa Koleo hutengenezewi baiskeli kabla hujakaa kwenye kreti.

Lilikuwa kreti la soda, la plastiki nyekundu iliyopauka, limewekewa kipande cha godoro, nalo lilikaa katikati ya karakana mbele ya ukuta wa misumari. Ukishakaa, fundi anafuta mikono kwa tambara, anavuta stuli yake, anakuuliza maswali matatu. Ulikuwa unatazama wapi? Mkono wako ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unamfuata nani? Swali la nne halikuwepo, na sharti lilikuwa moja tu: jiwe usilitaje. Wala mvua, wala mzizi, wala ng'ombe aliyekatiza njia. “Mlima haukuvizii,” Koleo alikuwa akisema. “Upo palepale tangu hujazaliwa. Tuambie wewe ulifanya nini.”

Ukimaliza, kifaa kilichoharibika kinafunguliwa, nawe unakitundika msumarini kwa mkono wako. Ndivyo ukuta ulivyojaa. Palikuwa na rimu ya mwalimu wa hesabu, imejikunja kama chapa ya kwato, kwa sababu mwalimu alilikodolea macho jiwe alilotaka kulikwepa na baiskeli ikaenda yalikokwenda macho. Palikuwa na pedali ya Kichuma, aliyesema “mzunguko mmoja tu wa mwisho” na miguu imeshalegea; siku hizi ana chuma pajani, jina likamkaa, na akipita mlangoni hujigonga paja na kuuliza kama kuna mtu anabisha. Palikuwa na helmeti iliyopasuka katikati kama yai. Mwenyewe yuko hai na ana watoto wawili. Na kwenye kona, juu kabisa, kipande cha fremu ya mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye kreti. Kaka yake alikaa kwa niaba yake, akaulizwa maswali yote matatu, na mara zote tatu akajibu, “Sijui.”

Msumari wa kwanza, karibu na mlango, ulikuwa wa Koleo mwenyewe. Alipokuwa kijana alivunja mawe kwenye machimbo ya huko mlimani, na kazi ikiisha walishuka kwa baiskeli wakishindana nani atafika chini wa kwanza. Siku hiyo alikuwa mbele. Akageuka amwone aliye nyuma yake. Hilo tu. Mkono wa kushoto uliingia kati ya usukani na mwamba, na tangu hapo kidole cha shahada na cha kati vikafa ganzi, vikabaki vimenyooka kama vijiti. Kidole gumba na viwili vya mwisho ndivyo vilivyobaki kubana. Waendesha baiskeli wakamwita Koleo, naye akalipokea jina kama alivyoupokea mkono.

Kilema hicho kilimfanya abadilishe kitu kimoja kwenye baiskeli yake. Baiskeli zote zilizoingia karakana ile zilipangwa namna moja: leva ya kushoto ni breki ya mbele, ya kulia ni ya nyuma. Ya nyuma inapunguza mwendo. Ya mbele inasimamisha, inataka kidole chepesi chenye akili, na ukiibana ghafla kwenye mteremko inakurusha juu ya usukani kama gunia linaloshushwa garini. Koleo hakuwa tena na kidole cha namna hiyo upande wa kushoto. Akahamisha waya. Ya mbele akaipeleka kulia, ya nyuma kushoto, akaendesha hivyo miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna mwingine aliyeipanda baiskeli ile. Mwisho ikawa si badiliko tena. Ikawa ndivyo baiskeli zilivyo.

Binti wa dada yake, waliyemwita Panzi, alianza kuja karakana akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na magoti yasiyotulia, na sehemu ambazo wengine walishuka wakasukuma, yeye aliziruka. Mama yake alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani dirishani, na hakuwahi kuipenda habari ya mlima hata siku moja.

“Kaka, mimi ninaye huyu mmoja tu,” alimwambia Koleo mwaka ule wa kwanza.

“Najua.”

“Kama unajua, mkataze.”

“Nikimkataza atachukua baiskeli mbovu ya mtu mwingine, apande kwa kujificha. Kuanguka ataanguka, mdogo wangu, sikufichi. Wote wanaanguka. Lakini hataanguka kwa kosa la baiskeli. Hilo niachie mimi.”

Mshonaji akakata uzi kwa meno, akaangalia mshono, akaugeuza.

“Haya,” alisema. “Nimekuachia.”

Miaka minne ikapita. Panzi alianguka kama wengine, akakaa kwenye kreti kama wengine, akatundika vyake. Kisha fremu yake ikapata ufa, siku moja kabla ya mashindano ya kuchagua timu, na fremu mpya ilikuwa bado njiani. Alikuja karakana Ijumaa asubuhi, uso umemshuka. Koleo akamwangalia kwa muda, akaenda nyuma ya pazia, akarudi akisukuma baiskeli yake mwenyewe.

“Mjomba! Mashine ya heshima? Hii si hata kuiegemea unakataza?”

“Leo nakuazima. Usinifanye nibadili mawazo.”

Kutwa nzima hakugusa kazi nyingine. Alishusha kiti, akabadilisha tairi la nyuma, akaweka raba mpya za breki, akapitia bolti moja baada ya nyingine mpaka mkono ukamuuma. Jioni aliipanda akazunguka uwanja mara mbili. Akabana breki ya mbele, ikashika. Akabana ya nyuma, ikashika. Mkononi mwake kila kitu kilikuwa mahali pake.

“Ina siri gani hii?” Panzi aliuliza, ameshaishika usukani. “Kila baiskeli ina siri.”

“Haina siri. Iheshimu tu. Mzunguko wa kwanza?”

“Polepole, mjomba. Hata usingizini najua.”

Akaondoka akiisukuma, akicheka, kwa sababu mama yake hakupenda aendeshe barabara ya magari.

Kesho yake Koleo alikuwa ananyoosha rimu ya mtu pikapu ilipoingia uwanjani. Ilikuwa mapema mno. Mbio zilikuwa hazijafika hata nusu. Nyuma ya pikapu palikuwa na baiskeli moja tu, imelala ubavu, na Kichuma akashuka bila kujigonga paja.

“Yuko hai,” Kichuma alisema kabla ya salamu. “Nianze na hilo, fundi. Yuko hai. Wamempeleka hospitali.”

Akasimulia akiwa amesimama. Walipandishwa na pikapu hadi kileleni, kwa hiyo kabla ya mteremko hakuna aliyekuwa amebana breki hata mara moja. Kule juu njia ni pana, mtu anabana zote mbili pamoja na mambo yanakwenda. Panzi alianza polepole, kisha mmoja akampita, naye damu ikamchemka akamfuata. Wakafika Meno, pale mawe yanapotokeza mstari kwa mstari. “Nilikuwa nyuma yake,” alisema Kichuma. “Nikaona tairi la nyuma linanyanyuka tu. Ghafla. Kama mtu anakung'uta mkeka. Alitua kwa mgongo, fundi. Sijapenda alivyotua.”

Waliishusha baiskeli. Koleo akaipokea kwa usukani, na kiganja chake cha kulia, kwa mazoea, kikafunika leva ya kulia. Macho yake yakaufuata waya. Ulitoka kwenye leva, ukapinda mbele ya usukani, ukateremka kando ya shokapu. Ukaishia gurudumu la mbele.

Alikuwa ameuona waya ule kila siku kwa miaka kumi na tisa. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Alikuwa amekaa kwenye kreti.

“Kuna kitu?” Kichuma aliuliza.

“Hakuna,” alisema Koleo.

Neno hilo alikaa nalo wiki saba.

Madaktari walimfanyia Panzi upasuaji, na baada ya siku nyingi wakamwita mama yake kwenye ofisi ndogo yenye kalenda ya mwaka jana, wakamwambia kwa sauti ya chini kwamba uti wa mgongo umeumia mahali pabaya na kwamba miguu wasiitegemee. Mshonaji aliuliza kama ni ya muda. Wakatazamana. Alitoka pale akamkuta kaka yake ukumbini, akampita kana kwamba amepita nguzo, akaenda kushika ukuta.

Saa za kuona wagonjwa, Kichuma na mwalimu wa hesabu walikwenda na Koleo wodini. Panzi alikuwa amelala chali, uso umekonda, macho ni yale yale. Akapigapiga godoro kwa kiganja.

“Kreti langu ndilo hili. Niulizeni.”

“Acha, mwanangu,” mama yake alisema. “Utajichosha.”

“Niulizeni bwana. Mimi ni nani nisiulizwe?”

Mwalimu akauliza, kwa kuwa Koleo alikuwa ameshageukia dirisha. Panzi akajibu bila kujipendelea. Alikuwa anatazama tairi la aliye mbele yake badala ya njia. Alikuwa anamfuata mtu, tena mzunguko wa kwanza, baada ya kuahidi. “Na mkono,” alisema. “Mkono ndio sielewi. Nilibana ya nyuma. Ningeapa nimebana ya nyuma. Kumbe woga ulinichanganya mikono, nikabana ya mbele. Miaka minne mlimani, nimechanganya kama mtu aliyepanda baiskeli jana.” Akageuza macho kwa Koleo. “Mjomba, nitundikie leva ya kushoto. Waambie wapya: Panzi alichanganya mikono.”

Mama yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, amezishika nyayo za mwanawe kupitia shuka.

“Kwa hiyo baiskeli ilikuwa nzima?” aliuliza.

Wote wakamtazama fundi.

“Ilikuwa nzima,” alisema Koleo.

Njiani alijiambia hajasema uongo. Bolti haikulegea, waya haukukatika, raba zilishika. Alijiambia pia kwamba binti alikwenda kasi, na mwenyewe amekiri. Maneno haya yalikuwa ya kweli kila moja, naye aliyapanga na kuyapangua kutwa nzima, na kila akimaliza alijikuta amefika palepale waya unapoishia. Leva ya kushoto akaitundika. Ilikuwa nyeupe, haina mkwaruzo. Hakuna aliyejiuliza mbona haina mkwaruzo.

Na ukuta ukaanza kufundisha. Koleo akiwa ameinama chini ya baiskeli ya mtu, alimsikia Kichuma akiwapitisha wapya. “Hiyo ni ya Panzi. Nyinyi mtajifanya mna mikono hodari kuliko Panzi? Dawa yake ni hii: mkifika Meno, leva ya kushoto isahauni kabisa. Ifungeni hata kwa utepe. Kulia tu.” Wakacheka, wakaandika kwenye simu zao. Koleo alikaza nati iliyokuwa imeshakazwa, mpaka ikakatika kichwa.

Wiki ya saba, karani wa posta akaletwa karakana, mama wa makamo aliyeanza mlima mwaka huo kwa ajili ya afya. Mkono ulikuwa umefungwa kifuani, mfupa wa bega umevunjika, lakini alitaka kukaa kwenye kreti kabla ya chochote, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu. Baiskeli yake ilikuwa na utepe mweusi umezungushwa kwenye leva ya kushoto.

“Mkono wako ulikuwa unafanya nini?” Koleo aliuliza.

“Nilibana kulia. Kulia tu. Tairi la nyuma likateleza, halisimami, mkaratusi unakuja, na kushoto nimeshafunga.” Karani akajaribu kutabasamu. “Kosa langu sijui ni lipi, fundi. Nilimsikiliza Panzi.”

Koleo akainuka. Hakuuliza swali la tatu. Alikwenda ukutani, akaing'oa leva nyeupe msumarini, akatoka nayo mkononi akiwaacha watu wamekaa. Nyumba ya dada yake ilikuwa mtaa wa tatu. Alitembea katikati ya mchana ule kama mtu anayebeba kitu cha moto.

Kitanda cha Panzi kilikuwa kimehamishiwa chumba cha mbele, upande wa cherehani, ili mama afanye kazi akimwona. Binti alikuwa kwenye kiti cha magurudumu walichopewa hospitali, amebana mto kwapani. Mashine ilikuwa inakimbia. Sare za bluu zilijaa kwenye meza, mezani pamekwisha nafasi, nyingine zimelala kitandani.

“Mjomba! Umenisusa. Wiki nzima.” Kisha akaiona leva. “Hiyo si yangu?”

“Si yako,” alisema Koleo. “Baiskeli yangu, breki ya mbele iko kulia. Niliihamisha nilipoumia. Ulibana kulia, ukapata ya mbele. Hukuchanganya mikono. Mikono yako ilikuwa sahihi.”

Mashine ikasimama.

Panzi hakulia. Aliitazama mikono yake iliyokuwa mapajani, akaifungua, akaifunga. Aliitazama hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayewaangalia ndugu aliowatukana kumbe hawakuwa na hatia. Halafu akasema, kwa sauti isiyokuwa na mzaha hata chembe, “Kaa.”

Hapakuwa na kiti. Koleo akakaa sakafuni.

“Ulikuwa unatazama wapi?”

“Bolti. Tairi. Raba. Nilitazama kila kitu kinachoweza kukatika.”

“Mkono wako ulikuwa unafanya nini?”

“Ulijaribu breki. Nilipanda mwenyewe, nikabana. Mkononi mwangu zilikuwa sawa.”

“Ulikuwa unamfuata nani?”

“Nilijifuata mwenyewe,” alisema. “Miaka kumi na tisa. Sikukumbuka kuna mtu mwingine mwenye mikono.”

“Nilikuuliza ina siri gani.”

“Uliniuliza.”

Mshonaji alikuwa amegeuka kwenye stuli yake. Mkasi ulikuwa mapajani, na hakuonekana kujua kwamba ameushika.

“Umejua lini?”

“Siku ileile.”

“Siku ileile.” Alirudia polepole, kana kwamba anapima kitambaa. “Wiki saba mtoto huyu anajiita mjinga. Anaamka ananiambia, mama, nimejivunja mwenyewe. Nami namfariji, namwambia kila mtu hukosea. Nimemfariji kwa uongo wako, kaka. Nimeukanda kwa mikono yangu nikamlisha.” Sauti haikupanda. “Ungevunja ukasema, tungelia wote. Nilikuachia mimi. Nilikwambia, nimekuachia.”

“Ulinambia.”

“Toka nyumbani kwangu.”

Akainuka. Alikuwa mlangoni Panzi aliposema, “Mama, ngoja. Breki ya kiti. Inateleza wiki nzima, na huyu ndiye fundi.”

Mshonaji akaigeukia mashine, akaikanyaga, chumba kikajaa mlio. Koleo akapiga magoti kando ya kiti, akatoa spana ndogo mfukoni, akakaza ya kushoto, kisha ya kulia. Mkono ukaenda kwa mazoea kuijaribu. Akaurudisha.

“Jaribu wewe,” alisema.

Panzi akabana. Akasukuma gurudumu. “Kushoto iko sawa. Kulia bado.”

Akakaza tena.

“Bado.”

Akakaza.

“Hapo.” Akashusha sauti, chini ya mlio wa cherehani. “Leva hiyo itupe. Tundika ya kulia, kwa mkono wako, mbele yao wote. Na ukae kwenye kreti. Usilitaje jiwe.”

Karakana aliwakuta wakimsubiri. Alifungua leva ya kulia, ile iliyokwaruzwa mpaka chuma kikatokeza, akakaa, akasimulia. Kichuma ndiye aliyeuliza maswali, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Karani wa posta alisikiliza mpaka mwisho, akachukua baiskeli yake kwa mkono wake mzima, akaondoka nayo bila kuaga. Siku zilizofuata wengine wakafanya hivyo hivyo. Mwalimu alibaki. Kichuma alibaki, ila mzaha wake haukurudi sawasawa. Koleo hakuruhusu tena baiskeli itoke bila mwenye nayo kuipanda na kubana leva moja moja, huku yeye amesimama pembeni mikono nyuma. Ya kwake aliirudishia waya kama za wengine, na kwa vidole alivyokuwa navyo hakuweza tena kuishusha mlima. Anaisukuma akitembea kwa miguu.

Dada yake hakumsemesha. Alibadilisha njia ya kwenda sokoni, kisha, mvua zilipoharibu njia ile nyingine, akalazimika kupita karakana. Koleo aliwaona wakija, mama akisukuma kiti, macho mbele, shingo imekaza kama ya mtu aliyebeba ndoo kichwani. Aliacha alichokuwa anafanya. Hakuthubutu kutoka mlangoni.

Walipofika usawa wa mlango, Panzi akabana breki zote mbili. Kiti kikasimama palepale. Mama akasukuma, hakikwenda. Akasukuma tena. Binti alikuwa anautazama ukuta, msumari kwa msumari, mpaka akaipata leva yenye mikwaruzo. Akaitazama vya kutosha. Mama akasubiri akiwa ameielekea barabara, hakugeuza uso.

Kisha Panzi akaachia, ya kushoto kwanza, halafu ya kulia, na mama yake akamsukuma wakaenda zao.